Mkataba Usiosomeka: Vyama vya Hiari vya Kinna na Wauzaji wa Tarakilishi

Biashara ya kununua tarakilishi katika mji mdogo kama Kinna, kaunti ya Isiolo, huendeshwa kwa Kiswahili tangu mwanzo hadi karibu na mwisho. Muuzaji wa Isiolo mjini au wa Maua hupigiwa simu kwa Kiswahili. Bei huteremshwa kwa Kiswahili. Sifa za mashine hupambwa kwa Kiswahili kitamu kisichokosa viapo. Kisha hutolewa karatasi ya kutiwa sahihi, na karatasi hiyo aghalabu huwa ya Kiingereza. Mwenyekiti wa kikundi, ambaye dakika tano zilizopita alikuwa akimbana muuzaji kwa maswali hadi jasho likamtoka, sasa hunyamaza, huuliza mahali pa kutia sahihi, hupiga mhuri. Makala haya yanahusu kimya hicho. Yanashikilia kwamba uchaguzi wa muuzaji na wa vyombo vya tarakilishi kwa chama cha hiari umeachiwa mafundi na wafadhili kwa muda mrefu mno, ilhali nusu ya matatizo yake ni ya lugha, na wenye taaluma ya lugha hawajaonekana mlangoni.

Kinna iko katika kaunti ndogo ya Garbatulla, upande wa chini wa milima ya Nyambene, jirani na Mbuga ya Kitaifa ya Meru na Hifadhi ya Bisanadi. Wakazi wake wengi ni Waborana, wafugaji wa ng'ombe, mbuzi, kondoo na ngamia. Kujitolea kwa ajili ya wengine si desturi iliyoletwa huko na magari meupe ya mashirika. Malisho ya Waborana yana baraza lake la wazee, dedha, na kisima kina aba herega wake, mtu anayepanga zamu ya mifugo kunywa maji ili mwenye kundi kubwa asimkaushie mwenye kundi dogo. Juu ya msingi huo vimeota vikundi vya leo: vya akina mama, vya vijana, kamati za maji, na zile kamati za mabadiliko ya tabianchi za wadi zilizoundwa Isiolo tangu miaka ya mwanzo ya 2010 ili wananchi wenyewe waamue fedha za kukabiliana na ukame zitumike wapi. Vyote hivi, vikubwa kwa vidogo, hufika siku ambapo daftari la katibu halitoshi tena.

Wapo watakaosema kwamba tarakilishi ni pambo kwa kikundi cha wafugaji. Historia ya karibuni ya Garbatulla inawakanusha. Katika miaka hiyohiyo ya mwanzo ya 2010, shirika la kijamii la Resource Advocacy Programme, likishirikiana na taasisi ya IIED ya London na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Southampton, liliwakalisha wazee na wafugaji kuchora ramani za malisho yao. Kwanza jamii ilichora kama inavyoijua nchi yake. Kisha maarifa hayo yakahamishiwa juu ya picha za setilaiti za Google Earth, zikimulikwa ukutani ili mzee asiyejua kusoma aweze kunyoosha fimbo na kusema: kisima kiko hapa, si pale, ukanda huu hufungwa wakati wa mvua ili uwe akiba ya kiangazi. Mwaka 2015 ikachapishwa atlasi ya rasilimali za kaunti nzima ya Isiolo. Programu zilizotumika katika kazi hiyo hazikununuliwa kwa bei ya kutisha. Nyingi hupatikana bila malipo.

Sasa yafikiriwe yaliyokuja kabla na baada ya ramani hizo. Mradi wa ushoroba wa LAPSSET, unaoipitia Isiolo, ulizinduliwa Machi 2012, na bei ya ardhi ikaanza kusemwa kwa sauti mpya. Sheria ya Ardhi ya Jamii ilipitishwa mwaka 2016, na jamii inayotaka ardhi yake isajiliwe hutakiwa kuwa na kamati yake na orodha ya wanajamii wake. Ramani na orodha vimekuwa ngao. Ngao hiyo inapokaa ndani ya tarakilishi moja, katika chumba kimoja, chini ya neno la siri linalojulikana na kijana mmoja ambaye mwezi ujao anakwenda chuoni Nairobi, swali la nani aliuza mashine hiyo na nani ataitengeneza ikizimika limekwisha kuwa swali la ardhi. Hali kadhalika, ramani inayoonyesha visima vyote na nyasi zote za akiba si kitu cha kumwachia kila fundi anakili kwenye flashi yake. Mwenye nia mbaya hupenda ramani nzuri kuliko mtu yeyote.

Ndiyo maana inashangaza kwamba vikundi vingi huanza manunuzi kwa kuuliza chombo gani kinunuliwe kabla ya kuuliza kazi gani ifanywe. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Kikundi cha akina mama kumi na watano wanaoweka na kukopeshana akiba kina haja ya hesabu iliyo wazi na kumbukumbu isiyopotea. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, sehemu kubwa ya hesabu hiyo imo tayari kwenye simu ya mweka hazina, na daftari lenye safu zilizonyooka humaliza iliyobaki. Kukinunulia kikundi hicho tarakilishi tatu na printa ya rangi ni kukitwika mzigo. Kamati inayokusanya habari za visima na vifo vya mifugo ina haja nyingine: fomu zinazojazwa kwenye simu hata pasipo mtandao, kama zile za Open Data Kit iliyoanza mwaka 2008, na tarakilishi moja tu ya kuzikusanyia. Ni kamati yenye ramani pekee inayohitaji mashine yenye nguvu, na hata hiyo inahitaji moja nzuri pamoja na nakala za akiba kuliko nne za kukaa mezani zikivaa vitambaa vya kufuma.

Suala la umeme linahitaji kukaliwa kwa muda, kwa kuwa hapo ndipo maneno matamu ya muuzaji huyeyuka. Ofisi nyingi za vikundi katika maeneo makavu hutegemea sola, ama kwa sababu waya wa umeme haujafika, ama kwa sababu umefika na haukai. Chukua betri moja ya kawaida ya risasi, ya volti 12 na uwezo wa ampea-saa 100. Kwa hesabu ya darasani ina wati-saa 1,200. Lakini betri ya aina hiyo ikikamuliwa kupita nusu kila siku hufa mapema, kwa hiyo kikundi chenye busara kina wati-saa 600 tu za kutumia. Tarakilishi ya mezani pamoja na kioo chake hula takriban wati 150. Kwa saa tano ni wati-saa 750, na betri imekwisha kuzidiwa kabla ya alasiri. Kipakatalishi cha wati 45 kwa saa tanozo hula 225. Viwili hula 450, na usiku bado kuna taa. Sahani ya Starlink, huduma iliyoingia Kenya Julai 2023 na ambayo sasa inasifiwa kila kona, huweza kula wati 50 hadi 100 kwa saa zote inazowashwa. Ikiachwa saa kumi kwa wati 50, imekwisha kumeza 500 peke yake. Hesabu hii haihitaji shahada. Inahitaji kalamu, na inahitaji kwamba maneno wati, volti na ampea yaelezwe kwa lugha ambayo mnunuzi anaielewa. Muuzaji anayeuza tarakilishi za mezani kwa ofisi yenye betri moja ama hajui kazi yake ama anaijua sana.

Kuna pia vumbi na joto. Feni ya mashine huvuta vumbi jekundu hadi ikakaba. Wino wa printa ndogo hukauka katika katriji iliyotumika mara mbili kwa mwezi, na katriji mpya hukaribia bei ya printa yenyewe. Mambo haya yanajulikana na kila katibu wa Kinna. Hayajulikani na orodha ya mfadhili.

Umbali nao ni gharama isiyoandikwa kwenye ankara. Muuzaji wa Nairobi huweza kuuza kwa bei ya chini kuliko wa Isiolo au wa Meru, na hutoa waranti ya mwaka mzima. Waranti hiyo ina maana gani kwa mtu wa Kinna? Ina maana ya kufunga mashine ndani ya kikoi, kupanda gari hadi Isiolo, kupanda jingine hadi Nairobi, kulala, kuambiwa fundi hayupo, kurudi. Nauli za safari mbili za aina hiyo hufuta tofauti yote ya bei. Wahenga walikwisha kuonya kwamba rahisi huvunja upishi. Swali la kwanza kwa muuzaji, kabla ya swali la bei, lingepaswa kuwa hili: mashine ikifa siku ya Jumatatu, nani ataigusa kabla ya Ijumaa, na kwa gharama ya nani? Fundi kijana wa Maua mwenye bisibisi, subira na vipuri vya mashine za aina moja anaweza kuwa mshirika bora kuliko kampuni yenye jengo la vioo. Inafaa kumjaribu kwa kazi ndogo kwanza. Inafaa pia kuwauliza walimu wa shule za jirani ni nani hurudi akiitwa, maana shule zilitangulia kuumwa na nyoka huyu.

Wafadhili wengi hudai nukuu tatu za bei, au kotesheni kama wafanyabiashara wasemavyo, kabla ya kutoa fedha. Nia ni njema. Hata hivyo, kila aliyewahi kukaa katika kamati anajua jinsi muuzaji mmoja anavyoweza kutoa karatasi tatu zenye mihuri mitatu, mbili kati yake zikiwa na bei ya juu kidogo ili ya tatu ionekane malaika. Chama cha hiari kinachotaka kujilinda hakina budi kwenda dukani chenyewe, watu wawili, mmoja wao asiwe katibu, na kuandika mwenyewe alichokiona: aina ya mashine, umri wake, ukubwa wa kumbukumbu, na kama ni mpya au mtumba. Mtumba si aibu. Aibu ni kuuziwa mtumba kwa bei ya kipya.

Kuhusu mitumba, Afrika Mashariki imekuwa na mjadala mrefu. Mwaka 2009 serikali ya Uganda ilitangaza marufuku ya kuingiza vifaa vya umeme vilivyotumika, tarakilishi zikiwemo, kwa hofu ya kugeuzwa jaa. Kenya nayo ilikuwa na mfano wa njia nyingine: Computers for Schools Kenya, shirika lililoanza mwaka 2002, lilikusanya mashine zilizotumika, likazikarabati na kuzipeleka shuleni, na baadaye likazaa kituo cha kushughulikia taka za elektroniki. Pande zote mbili zilikuwa na hoja. Kwa Kinna ya leo hoja imepata tarehe: tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya bure kwa Windows 10, na mashine nyingi za zamani hazikubali Windows 11. Yamkini zawadi za tarakilishi zitamiminika vijijini kutoka ofisi za mijini na za ng'ambo zinazojisafisha. Kikundi kinachopewa zawadi kina haki ya kuuliza kama inavyouliza mnunuzi: mashine hii itaendeshwa na programu gani, nani ataiweka, na ikifa itazikwa wapi? Mashine ya miaka minane inaweza kuishi vizuri kwa Linux, ambayo ni huria. Lakini lazima awepo mtu karibu anayeijua Linux. Zawadi inayokuja bila mtu huyo ni kazi iliyoletwa nyumbani kwa mwingine.

Makosa haya hayafanywi na wanyonge peke yao. Serikali iliyoingia madarakani Kenya mwaka 2013 iliahidi vipakatalishi kwa watoto wa darasa la kwanza. Zabuni ikabatilishwa mwaka 2014. Vishikwambi vilianza kufika shuleni mwaka 2016 kupitia Chuo Kikuu cha Moi na kile cha JKUAT pamoja na washirika wao wa kigeni. Ikiwa taifa zima lenye wanasheria na wahasibu lilipapasa kiasi hicho, kamati ya watu tisa wa kujitolea isilaumiwe. Isaidiwe.

Na hapa ndipo lugha inapoingia, wala haiingii kama mgeni.

Wanafunzi wa Kiswahili wanajua, au wanapaswa kujua, kwamba lugha hii ilikwisha kupewa tarakilishi yake. Desemba 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa ushirikiano na kampuni ya IT+46 ya Uswidi, ulitoa Jambo OpenOffice, kifurushi kamili cha programu za ofisi chenye menyu za Kiswahili, bila malipo. Microsoft nayo ikatoa vifurushi vya Kiswahili vya Windows na Office katikati ya muongo huo. Ilikuwa hatua kubwa. Istilahi mamia kwa mamia zilibuniwa, zikajadiliwa, zikawekwa kwenye vioo. Pamoja na hayo, ni nadra kumkuta katibu wa kikundi, Isiolo au hata Tanga, anayefungua programu yenye menyu ya Kiswahili. Sababu moja hutajwa mara kwa mara: istilahi zilikuwa ngeni, na mtu aliyejifunza neno la Kiingereza kwa taabu hakutaka kulisahau kwa taabu nyingine. Sababu hiyo ina ukweli. Lakini ipo nyingine inayopewa uzito mdogo kuliko inavyostahili. Kiswahili kiliwekwa ndani ya mashine, hakikuwekwa katika biashara ya mashine. Mafunzo yaliendelea kutolewa kwa Kiingereza, mtihani wa somo la tarakilishi katika shule za sekondari Kenya ukabaki wa Kiingereza, waranti ikabaki ya Kiingereza, na mkataba wa matengenezo ukabaki wa Kiingereza. Menyu iliyotafsiriwa ikawa kisiwa.

Wasomi wa Kiswahili wakati huo walikuwa wapi? Walikuwa wakibishana kama chombo chenyewe kiitwe tarakilishi, ngamizi au kompyuta. Mjadala huo ulikuwa na faida zake, na makala haya yenyewe yanafuata mazoea ya Kenya kwa kusema tarakilishi, ingawa mchuuzi wa Isiolo akiisikia huweza kudhani anaulizwa bei ya kikokotoo. Hata hivyo, ukitafuta leo mfano mmoja wa mkataba mfupi wa Kiswahili sanifu ambao chama cha hiari kinaweza kuunakili na kumpelekea muuzaji, utatafuta sana. Tasnifu juu ya uundaji wa istilahi zipo nyingi. Fomu ya kupokelea mashine haipo.

Kikwazo cha kisheria hakipo. Ibara ya 7 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hakuna kinachowazuia watu wawili kupatana kwa Kiswahili na kuandika mapatano yao kwa lugha hiyohiyo waliyopatana. Muuzaji naye hapotezi chochote. Huenda akapata mteja asiyemrudia kwa ugomvi. Kinachozuia ni mazoea, yale ya kuamini kwamba karatasi isiyosomeka ina nguvu zaidi.

Itapingwa kwamba Kinna si Lamu. Pingamizi hili ni zito kuliko yote na halifai kupitwa kwa haraka. Lugha ya nyumbani ya Kinna ni Kiborana, na kwa bibi kizee aliyechota maji miaka hamsini, Kiswahili cha mkataba kinaweza kuwa ukuta kama Kiingereza. Ibara ile ile ya 7 inaitaka serikali kukuza lugha za asili. Msomi wa Kiswahili anayekwenda Kinna na fomu yake akidhani ameleta ukombozi atakuwa amebadilisha rangi ya kufuli tu. Jibu la makala haya ni kwamba Kiswahili kina kazi maalumu katika biashara hii kwa sababu ndicho kinachozungumzwa na pande zote mbili za meza: Mborana wa Kinna, Mmeru wa Maua, Msomali wa Isiolo mjini. Karatasi ifuate lugha ya meza. Baada ya hapo, kabla ya sahihi, isomwe kwa Kiborana mbele ya wanachama, kifungu kwa kifungu, kama wazee wa dedha wanavyosikiliza jambo hadi mwisho kabla ya kuamua. Kutoka Kiswahili hadi Kiborana wafasiri wamo ndani ya kikundi chenyewe. Kutoka Kiingereza cha kisheria hadi Kiborana ni wachache, na mara nyingi ni yule yule kijana anayeshikilia neno la siri.

Mkataba wenyewe useme nini? Useme mashine ni ya kikundi, na stakabadhi iandikwe jina la kikundi lililosajiliwa, si la mwenyekiti. Wenyeviti hubadilika, wengine kwa hasira. Useme muuzaji atarudi mara ngapi, ndani ya siku ngapi, na nauli ni ya nani. Useme maneno yote ya siri yataandikwa na kutiwa katika bahasha iliyofungwa, bahasha ikae kwa mweka hazina, na siku fundi anapoondoka yabadilishwe mbele ya mashahidi. Ikiwa kikundi kinatengenezewa tovuti, jina lake, tuseme lile linaloishia na or.ke ambalo KeNIC huwatengea wasiofanya biashara, lisajiliwe kwa kikundi. Ni jambo la kawaida kwa vyama kugundua, siku ya kutaka kumwacha mtengenezaji, kwamba mlango wa nyumba yao una jina la mtu mwingine. Useme pia kwamba orodha za wanachama, namba zao za vitambulisho na ramani zao havitanakiliwa wala kutolewa nje. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inalinda taarifa za mtu binafsi, na kikundi kinachoweka majina ya wanajamii hubeba wajibu huo hata kama hakijawahi kuisikia. Ramani ya visima hailindwi na sheria hiyo kwa namna ile ile, kwa kuwa kisima si mtu. Ndiyo sababu kifungu chake kinahitaji kuandikwa kwa mkono mzito zaidi.

Lugha ya vifungu hivi isiwe ile ya gazeti la serikali. "Muuzaji atarudi" inatosha. Hakuna haja ya "mhusika wa upande wa pili atawajibika kurejea". Istilahi itumike pale tu ambapo mnunuzi na muuzaji wote wanaitumia, na ikigombana na neno la sokoni, neno la sokoni lipewe nafasi. Waranti ibaki waranti ikiwa ndivyo inavyoitwa Isiolo. Wanaisimu watakaokunja uso wakumbuke kwamba neno hilo limekwisha kuvaa kanzu ya silabi za Kiswahili na kuketi.

Kazi hii ni ndogo kiasi cha kuaibisha. Idara za Kiswahili katika vyuo vikuu vya Kenya hufundisha kozi ya tafsiri kila mwaka, na kila mwaka wanafunzi hupewa vifungu vya kutafsiri ambavyo baada ya kusahihishwa huliwa na mchwa. Darasa moja lipewe waranti halisi ya kipakatalishi na mkataba halisi wa matengenezo, majina yakiwa yamefutwa. Darasa jingine, la isimujamii, limpeleke mwanafunzi anayetoka Garbatulla, na vyuoni wapo, akaisome rasimu hiyo mbele ya kamati ya maji ya nyumbani kwao, kwa Kiswahili na kisha kwa Kiborana, akiandika pembeni kila mahali watu walipouliza swali na kila mahali waliponyamaza. Rasimu irudi, irekebishwe, ipelekwe tena. Ikifika kurasa mbili, ipigwe chapa: nakala moja kwa muuzaji, moja kwa mweka hazina, na ya tatu ibandikwe ukutani juu ya mashine yenyewe, kando ya karatasi yenye namba ya simu ya fundi wa Maua.